Kadi Isiyo na Tarehe

Kabla hajawa msimamizi wa ubao, Mwanakombo binti Shomari alikuwa msimamizi wa masufuria. Kwa miaka kumi na tano hapakufanyika harusi wala hitima ya maana hapa Mtoni bila yeye kuitwa jikoni. Si mpishi wa kutisha, na hilo atakwambia mwenyewe. Pilau ya dada yake Zubeda wa Kunduchi inaishinda yake mbali sana. Kipaji chake ni kingine. Wanawake thelathini wanaingia uani asubuhi, kila mmoja na kisu chake mkononi, na kila mmoja anauliza, "Nishike nini?" Ukiwaacha hivyo hivyo, kumi watamenya vitunguu, kumi watakaa kuwaangalia wanaomenya vitunguu, na nyama itabaki kwenye ndoo na nzi wake. Mwanakombo akisimama katikati ya ua, mambo hayo hayatokei. Anamwona mwenye mikono mitupu kabla mwenyewe hajajua kwamba mikono yake ni mitupu.

Kipaji hicho ndicho kilichompeleka karakana ya Benedikto, kando ya barabara ya Kilwa, wanakotengeneza vitanda, sofa na milango.

Benedikto ni mtu wa Masasi, mnene, mcheshi, na mgonjwa wa vitu vipya. Mwaka jana mpwa wake Jenipher, aliyesomea kompyuta, alimfungia mawakala watatu wa akili mnemba. Si roboti wa kutembea, usije ukadhani hivyo. Ni programu tu, lakini zinajua kusoma, kuandika na kuamua. Mmoja anajibu ujumbe wa wateja. Wa pili anahesabu mbao, misumari na vitambaa, na kupanga nini kikatwe kutoka wapi. Wa tatu anapanga safari za kupeleka mizigo. Mafundi wakawabatiza Karani, Stoo na Safari, na majina yakakaa.

Kazi zote zinaonekana kwenye televisheni kubwa iliyotundikwa ukutani, zimepangwa kwa safu nne: Zinazosubiri, Zinazofanyika, Zimekwama, Zimekwisha. Kila kazi ina kadi yake. Wakala akimaliza jambo moja, anaangalia ubao na kuchukua jingine. Kwa maneno ni rahisi kama kunywa maji. Kwa vitendo, wiki ya kwanza Stoo na Karani waliichukua kadi moja kwa pamoja, kila mmoja akaagiza magodoro yake, na karakana ikajaa magodoro hadi mafundi wakawa wanakula chakula juu yake. Wiki ya pili wote watatu walikimbilia vigoda, kwa kuwa vigoda ni vyepesi kumaliza, na makabati ya watu yakaota vumbi.

"Hawa ni walewale wanawake wa vitunguu," Mwanakombo alisema siku Benedikto alipomwita aje kuangalia.

"Utawaweza?"

"Wana midomo?"

"Wana spika," akasema Benedikto kwa fahari. Alikuwa amenunua spika kubwa ya shughuli ili mawakala wasikike hata mashine ya randa ikinguruma, na Jenipher akawachagulia sauti ya kiume yenye adabu zote za msoma taarifa ya habari.

Basi Mwanakombo akapewa meza, kiti chenye magurudumu na miwani ya kusomea. Akawafundisha mawakala vilevile alivyowafundisha watu wa uani. Usianze sufuria jipya kabla ya kupakua lililoiva. Kwa hiyo tazama kwanza kazi iliyo karibu kwisha, uimalize. Kisha angalia iliyokwama, uulize imekwamia wapi. Ukikosa kote huko, ndipo uende kwa zinazosubiri. Ukichukua kadi, weka jina lako, mwenzio asije akaishika. Na kila kadi iseme mambo matatu: mwenye kazi ni nani, anaitaka lini, na tutajuaje kwamba imekwisha. Aliyaandika hayo kwa Kiswahili chake mwenyewe, Jenipher akayaingiza, na baada ya mwezi karakana ikatulia. Magodoro ya ziada yakanunuliwa na shule moja ya bweni.

Kanuni moja ilizaliwa kwa machungu. Karani alimtumia mteja mmoja picha ya kitambaa cha sofa, kijani cha kung'aa kama parachichi bichi, akamuuliza kama amekipenda. Mama wa watu hakujibu siku mbili. Karani akahesabu kwamba amekubali, na sofa zikavalishwa. Kumbe mama alikuwa msibani Lindi, simu imezimwa, na kijani kile hakukitaka hata kwa mapazia ya chooni. Mwanakombo aligomba siku hiyo hadi Benedikto akajificha. Kisha akakaa akaandika: *Mtu akikaa kimya usihesabu kwamba amekubali. Uliza tena. Usianze mpaka atamke.*

Mwenye kuandika maneno hayo alikuwa na miaka arobaini na minane, mjane wa miaka minane, mama wa Raudha aliyeolewa Tanga, na bibi wa wajukuu wawili. Na hapa ndipo ninapoanza kumcheka kidogo, maana yupo mtu mmoja ambaye Mwanakombo hakumtendea kama kanuni yake ilivyosema, na mtu huyo alikuwa anakaa hatua kumi na tano kutoka mezani pake.

Fundi Twalib ni mchongaji, mtu wa Newala. Baba yake alichonga vinyago, yeye anachonga nakshi za milango na vichwa vya vitanda. Ni mgane, mrefu, mpole, na vumbi la mbao limemganda kwenye kope. Karakana nzima inamwita Mwanakombo Bi Mwana, au Mama Raudha. Ukiwatoa mawakala, Twalib peke yake ndiye anayelitaja jina lote, Mwanakombo, taratibu, silabi baada ya silabi. Mwanakombo alimpenda. Hakumwambia mtu, lakini alimpenda, na asubuhi ambazo Twalib alichelewa chai yake ilikosa ladha.

Miezi minne iliyopita Twalib alipeleka posa, kwa heshima zote. Mjomba wake alikwenda Kunduchi kwa baba mdogo wa kina Mwanakombo, baba mdogo akamkabidhi Zubeda jambo hilo, na Zubeda akamwita mdogo wake, akamwambia jikoni. Mwanakombo akainamisha macho, akavuta khanga mdomoni, akachukua sufuria lililokwisha kuoshwa akalisugua upya. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, posa ya marehemu baba Raudha ilipokuja, alifanya vivyo hivyo, na kabla wiki haijaisha watu walikuja na mahari. Akarudi Mtoni roho kwatu, kwa hesabu zake amekwisha kujibu.

Siku chache baadaye ikatokea kadi mpya ubaoni. Namba sabini na mbili. *Kitanda, sita kwa sita, mninga, nakshi kichwani. Mwenye kazi: Twalib.* Mahali pa tarehe palikuwa patupu. Mwanakombo aliisoma mara tatu akajifanya anafuta miwani.

Kisha kukawa kimya. Mwezi ukapita, wa pili, wa tatu. Hakuna aliyekuja Kunduchi, hakuna aliyesema neno. Twalib akazidi kuwa na adabu, shikamoo za mbali na "samahani Bi Mwanakombo" kila anapopita, na Mwanakombo akazidi kununa. Amenichezea, alijiambia. Ameona wajukuu akaogopa.

Mwezi huu mninga ulipoadimika, Mwanakombo aliongeza kanuni: kadi isiyo na tarehe isishikilie mbao, akija mwenye tarehe, mbao ziachiwe baada ya siku tatu. Watu wanahodhi mbao kisha wanapotea, alisema. Anaapa hakuikumbuka kadi ya sabini na mbili alipoandika. Nimejaribu kumwamini, nimeshindwa.

Jumatatu asubuhi, randa inanguruma, spika ikakohoa.

"Bi Mwanakombo," akasema Stoo, "Mzee Godlisten wa Mbweni anahitaji mlango wa mninga kwa nyumba yake mpya. Tarehe anayo, na amethibitisha. Mninga uliopo umeshikiliwa na kadi ya sabini na mbili. Kadi hiyo haina tarehe. Kwa kanuni ya ubao, mbao zitaachiwa Alhamisi saa kumi alasiri. Je, kuna mtu anayejua tarehe ya kadi ya sabini na mbili?"

Randa ikazimwa. Sijui ni nani aliyeizima, lakini ilizimwa. Karakana yote ilikuwa inajua kitanda kile ni cha nani na nani. Mawakala watatu tu ndio hawakujua.

"Jamani," akasema Stephano, fundi wa sofa, mtu asiyeweza kuuzuia ulimi wake hata kanisani, "anayejua tarehe si aseme? Mlango wa watu unasubiri."

Wakacheka. Twalib aliinama juu ya patasi yake. Masikio tu ndiyo yalionekana.

"Stoo, endelea na kazi nyingine," akasema Mwanakombo.

"Kazi ipi inayofuata?"

"Kuna kabati la Mbagala limebakisha vitasa. Malizia hilo. Kanuni si unazijua?"

"Ninazijua, Bi Mwanakombo. Ahsante kwa kunikumbusha."

Siku nzima macho ya Mwanakombo yalirudi ukutani, kwenye mbao za mninga. Mbao zile alizijua. Twalib alizichagua mwenyewe, vipande vipana visivyo na fundo, akaziegesha ukutani kivulini zikauke taratibu. Kila asubuhi alizigeuza. Zikienda Mbweni kuwa mlango, basi ndiyo imekwisha. Mwanamume hawezi kukaa anageuza mbao mpya kwa ajili ya mwanamke asiyemtazama. Na miaka arobaini na minane si umri wa kusema itakuja posa nyingine.

Jumanne alijaribu ujanja. Alifika mapema kuliko mafundi wote, akaifungua kadi, na penye tarehe akaandika: *30 Desemba.*

"Tarehe imepokelewa," akasema Karani. "Nani ameithibitisha?"

Mwanakombo akaandika: *Msimamizi wa ubao.*

"Samahani. Kwa kanuni uliyoweka, msimamizi hathibitishi kwa niaba ya mwenye kazi. Mwenye kazi ni Fundi Twalib. Nimemtumia ujumbe kumuuliza."

"Usimuulize!"

"Nimekwisha kumuuliza."

Mwanakombo akakaa kitini, kiti kikateleza na magurudumu yake mpaka ukutani. Aliwafundisha vizuri mno, na sasa hakuwa na pa kutokea. Mafundi wakaanza kuingia mmoja mmoja na vikombe vyao vya chai, na Twalib akawa wa mwisho. Simu yake ikalia mfukoni mwa aproni. Akaisoma pale pale mlangoni, akasimama muda, akaandika kwa kidole kimoja, akaenda kwenye meza yake bila kumtazama mtu.

"Jibu la Fundi Twalib kuhusu kadi ya sabini na mbili," Karani akatangaza, kwa ile sauti ya kutangazia matokeo ya mtihani. "Nanukuu. Tarehe si yangu kuisema. Anayo mwenzangu, nami nipo namsubiri. Mwisho wa kunukuu."

Mara hii hakuna aliyecheka, hata Stephano. Alikohoa tu akaenda kutafuta stepla.

Mwanakombo yeye alipigwa na butwaa. Anamsubiri nani? Mie? Mie ndiye ninayemsubiri yeye!

Jumatano aliomba ruhusa, akaenda Kunduchi. Zubeda anakaanga samaki karibu na soko, amejipangia masinia matatu na karai jeusi ambalo ni kubwa kuliko beseni la kuogea. Alimwona mdogo wake anakuja, akajua siyo safari ya salamu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa hapo, usikae penye moshi. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Dada, kwa nini Twalib haji?"

Zubeda akageuza changu wawili kwenye mafuta kabla ya kujibu. "Aje kufanya nini?"

"Si alileta posa?"

"Alileta. Na wewe hukujibu."

"Nilijibu!"

"Ulijibu lini, Mwana? Ulisugua sufuria langu mpaka likatoka rangi. Hilo ndilo jibu?"

"Wakati wa baba Raudha nilifanya hivyo hivyo, mkasema nimekubali."

Zubeda aliweka kijiko chini. Alikuwa na hasira, na alikuwa anazuia kucheka, na vyote viwili vilionekana usoni mwake. "Ulikuwa mwari wewe! Mwari akinyamaza, kimya chake kinapokelewa kuwa ni ridhaa, kwa sababu anaona haya. Leo wewe mjane, bibi wa watu, una binti mwenye watoto. Mjane anatamka kwa kinywa chake, ndiyo sheria yetu. Unataka baba mdogo akuozeshe kwa kuangalia unavyosugua vyombo?"

Zubeda akaokota kijiko chake.

"Nikawaambia wale wenzetu ukweli: bado hajatamka, subirini. Wamesubiri. Watu waungwana wale, mwingine angekwishaenda kwingine."

"Na wewe miezi minne yote ukaniangalia tu, dada?"

"Nikuangalie tu? Nimekuuliza mara tatu! Mara ya pili ukaniuliza changu bei gani. Mara ya tatu ukasema kichwa kinakuuma, ukaondoka na panadol zangu. Nikajua humtaki, unaona aibu kusema. Kwa hiyo niambie sasa hivi, hapa hapa. Unamtaka au humtaki?"

Lilikuwa neno moja tu. Mwanakombo alifungua mdomo, na neno halikuja. Aliona aibu, kweli, lakini siyo aibu tu. Aliolewa kwa sababu watu walisema sawa. Alihamia Mtoni kwa sababu mume alipata chumba Mtoni. Hata kazi hii Benedikto ndiye aliyemfuata. Amewapangia kazi wanawake mia na mashine tatu, amejua kila mtu ashike nini na lini, na katika maisha yake yote hajawahi kusimama mbele ya watu akasema, mie nataka hiki. Aligundua hilo hapo hapo, penye moshi wa samaki, na likamuogopesha kuliko alivyotegemea.

Mteja akafika akitaka dagaa. Zubeda akamfungia, akarudi, akamkuta mdogo wake ameshasimama.

"Nenda basi," akasema Zubeda kwa upole. "Chukua na hawa wawili, ukale. Lakini Mwana, mie siwezi kukutamkia."

Alhamisi karakana haikufanya kazi ya maana. Watu walikuwa wanapiga msumari mmoja wanaangalia saa. Benedikto alijipitishapitisha mlangoni na karatasi ambayo hakuwa anaisoma. Mwanakombo alikaa mbele ya ubao tangu asubuhi, akiwajibu mawakala kazi ipi inafuata ipi: Safari apeleke meza za Chang'ombe kabla ya mvua, Karani amuulize tena yule wa Yombo aliyekaa kimya, asianze mpaka atamke. Alipoyasema hayo ya mwisho alisikia sauti yake mwenyewe.

Saa tisa na nusu Twalib aliinuka. Alikwenda ukutani, akachukua ubao wa kwanza wa mninga, akaubeba mpaka kwenye meza ya msumeno. Akaupangusa vumbi kwa mkono. Akarudi kuchukua wa pili. Hakugombana na mtu, hakumuomba mtu kitu. Alikuwa anauandalia mlango wa Mzee Godlisten mbao zake, na alikuwa anazibeba vizuri, moja moja, zisije zikakwaruzika.

Mwanakombo alimtazama akibeba ubao wa tatu, na macho yakamjaa machozi.

"Saa kumi kamili," akasema Stoo. "Bi Mwanakombo, naomba ruhusa ya kuachia mbao za kadi ya sabini na mbili."

Kimya. Randa imezimwa, msumeno umezimwa, hata feni Benedikto aliizima.

"Sijapata jibu," akasema Stoo. "Kwa kanuni yako, kimya sikihesabu kuwa ni kukubali. Nauliza tena. Je, niachie mbao?"

"Usiachie," akasema Mwanakombo.

"Sababu?"

"Kadi ina tarehe."

"Tarehe ipi?"

Alisimama. Kiti kikarudi nyuma na magurudumu yake. "Ijumaa ya mwisho ya mwezi ujao. Baada ya swala."

"Imepokelewa. Nani ameithibitisha?"

Wangeweza kuitoa ile spika, alisema baadaye, wakamwachia jambo hilo aliandike kwa kidole, taratibu, peke yake. Lakini spika ilikuwepo, na mafundi kumi na mmoja walikuwepo, na Twalib alikuwa amesimama na ubao wa nne begani.

"Mwanakombo binti Shomari," akasema, na sauti haikutetemeka. "Mie mwenyewe. Nimeridhia."

Stephano alipiga mbinja ambayo ilisikika ng'ambo ya barabara.

"Ahsante," akasema Stoo, asiyejua amefanya nini. "Mwenye kazi aliyeandikwa ni Fundi Twalib. Je, naye anathibitisha?"

Twalib aliteremsha ubao kutoka begani, akauegesha polepole, kama mtu anayelaza mtoto. "Thibitisha," akasema. "Thibitisha mara mbili."

"Mara moja inatosha," akasema Stoo, na karakana ikapasuka kwa kicheko. Benedikto akawasha feni, akaizima, akaiwasha tena, hakujua afanye nini na furaha yake.

Mwanakombo alitoka nje kumpigia dada yake, kwa sababu jambo hili lina wenyewe na lazima lipite Kunduchi. "Dada," akasema, "nimetamka."

"Umemtamkia nani?"

"Stoo."

"Stoo gani?"

"Wakala. Yule wa mbao."

Upande wa pili mafuta yalisikika yakichemka. "Mie dada yako nimekubembeleza miezi minne," akasema Zubeda, "wewe umekwenda kuiambia mashine?"

"Yenyewe iliniwekea saa kumi, dada. Wewe hukuniwekea saa."

Zubeda akapiga kigelegele pale pale sokoni, na wauza samaki wenzake, bila kujua sababu, wakamwitikia. Kisha akasema anafunga karai, anakwenda kwa baba mdogo sasa hivi, kabla mdogo wake hajaumwa na kichwa tena.

Mwanakombo alipoingia ndani alikuta Karani amekwishamwandikia Mzee Godlisten kwamba mninga haupo mpaka shehena ijayo, lakini kuna mbao nzuri za mkongo akitaka, na mzee amejibu mkongo ni sawa, alete picha. Twalib hakuwepo mezani pake. Alikuwa amekwenda nyuma ya stoo ya mbao, na alirudi akikokota kitu kikubwa kilichofunikwa kwa magunia.

Aliyavuta magunia. Kilikuwa kichwa cha kitanda, kimechongwa chote kuanzia pembe hadi pembe, kimepigwa msasa, kinasubiri vanishi tu. Upande mmoja kulikuwa na maua ya asumini, yale yanayotungwa vikuba vya wanawake kujipamba huku pwani. Upande wa pili majani ya mkorosho, ya kwao Newala. Katikati vilikuwa vimesukana kiasi kwamba huwezi kusema hiki kimeishia wapi na kile kimeanzia wapi.

"Umekichonga lini?" Mwanakombo akauliza.

"Saa za mapumziko," akasema Twalib. "Nyie mkienda kula."

"Miezi minne yote? Na hujui kama nitakubali?"

"Nilikuwa sijui, Mwanakombo." Alilitaja lote, taratibu, na leo hakukuwa na Bi mbele yake. "Nikasema, ukikubali, nisije nikakuweka sana ukingoja."

Mwanakombo alipitisha vidole juu ya asumini, moja baada ya moja, na mafundi wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi.

"Bi Mwanakombo," akasema Stoo, "kabati la Mbagala limekwisha. Niko tayari. Nisaidie: kadi ya sabini na mbili iliyothibitishwa leo iko kwenye Zinazosubiri, na mbele yake kuna kadi kumi na tisa. Fundi Twalib ameniambia imebakiwa na fremu na vanishi tu. Kazi inayofuata ni ipi?"

Mwanakombo alivaa miwani yake, akautazama ubao mzima kutoka kulia kwenda kushoto, kama alivyowafundisha.

"Tunaanza na iliyo karibu kwisha," akasema. "Sabini na mbili."